Ndoo ya Pili

Mhadhara kwa wakazi wa Isevya, Tabora

Mada ya leo ni kuhamasisha afya na usafi katika jamii ambazo huduma huzifikia kwa kuchelewa. Nitaanza na hilo neno kuhamasisha, maana limebeba dhana inayopita bila kuulizwa: kwamba mtu hanawi mikono kwa sabuni kwa sababu hajui, na siku akijua atanawa. Dhana hiyo ina ukweli wake, na ukweli huo nitautetea mbele ya safari. Lakini kosa lake ni kubwa zaidi. Kila somo la usafi lina gharama, nayo huhesabika kwa lita, kwa dakika za kutembea na kwa shilingi. Anayefundisha usafi bila kuitaja gharama hiyo ni kama anayemtuma mwenzake dukani bila kumpa pesa, kisha akirudi mikono mitupu anamwita mkaidi.

Hebu tuihesabu gharama yenyewe. Chukua kaya ya watu sita inayoteka maji kwa madumu ya lita 20, yale yale yanayopangwa foleni kwenye mabomba ya mjini hapa. Dumu la kwanza la siku, au ndoo ya kwanza kama wengi tunavyosema, lina kazi ambazo hakuna anayezijadili: maji ya kunywa, uji wa mtoto, chai, ugali, mboga. Zikibaki kata mbili tatu, zitamnawisha uso anayekwenda shule. Usafi unaanzia kwenye ndoo ya pili. Sasa sikilizeni tunavyofundisha: nawa ukitoka chooni, nawa ukimaliza kumsafisha mtoto, nawa kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kumlisha mdogo. Tuseme kila mmoja atanawa mara tano kwa siku, na kila mara atatumia nusu lita, kiasi ambacho si kingi kwa mtu anayejipaka sabuni kisha akamiminiwa maji kwa kata. Watu sita mara tano ni mara 30, na nusu lita mara 30 ni lita 15. Hiyo ni robo tatu ya ndoo, na bado hatujaoga, hatujaosha vyombo, hatujafua nguo za mtoto, hatujamwagia maji sakafu ya choo. Kwa hiyo bango linalosema "Nawa mikono", kwa mama anayelisoma, linasema: kateke ndoo nyingine. Bomba likiwa uani, ombi hilo ni dogo. Likiwa mwendo wa nusu saa kwenda na kurudi, na foleni juu yake, ombi hilo limekuwa kibarua, na wanaokifanya kibarua hicho katika nyumba zetu ni kina mama na watoto wa kike, wale wale tunaowaita kwenye semina za usafi na kuwakalisha saa tatu wasikilize.

Haya yamepimwa, tena yamepimwa huku kwetu. Katika miaka ya 1960 Gilbert White, David Bradley na Anne White walichunguza jinsi watu wanavyopata na kutumia maji katika maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kitabu chao cha mwaka 1972 kilibadilisha namna wataalamu wanavyoyatazama magonjwa ya maji. Bradley aliyapanga magonjwa hayo kwa njia ambayo mtu yeyote anaweza kuielewa. Yapo yanayoletwa na kunywa maji machafu, kama kipindupindu na homa ya matumbo. Yapo yanayotegemea konokono na wadudu wanaoishi au kuzaliana majini, kama kichocho na malaria. Lakini lipo kundi linalosahaulika, la magonjwa yanayoletwa na uchache wa maji, hata kama hayo machache ni safi kabisa. Upele umo humo, trakoma ya macho ambayo wengi tunaiita vikope imo humo, na sehemu kubwa ya kuhara kwa watoto imo humo, kwa sababu vimelea hupita kwenye vidole, kwenye vyombo na kwenye nguo ambazo hazikupata maji ya kutosha. Somo la "chemsha maji ya kunywa", ambalo ni somo zuri, haliligusi kundi hili hata kidogo. Mtu anaweza kuchemsha kila tone analokunywa na bado mwanawe akaharisha kwa mkono uliokosa kunawa.

Miaka 30 baadaye watafiti walirudi katika maeneo yale yale. Walikuta kwamba kaya zisizo na bomba, ambazo mwanzoni zilitumia wastani wa dakika 28 kwa siku kuteka maji, sasa zilitumia dakika 92. Watoto waliokuwa wakimfuata mama kisimani katika miaka ya 1960 walikuwa wamekua, wakawa na nyumba zao, na maji yakawa mbali zaidi kwa saa kuliko yalivyokuwa kwa mama yao. Tafiti kutoka nchi nyingi zimeonyesha jambo jingine ambalo naomba mlishike, kwa kuwa nitalirudia. Ukilisogeza bomba kutoka mwendo wa dakika 25 hadi dakika sita au saba, ungetarajia watu watumie maji mengi zaidi. Hawafanyi hivyo. Matumizi ya mtu mmoja hubaki pale pale, karibu lita 15 kwa siku. Yanaruka hadi lita 50 hivi pale tu bomba linapoingia uani. Hizo mita chache za mwisho, kutoka barabarani hadi mlangoni pa jiko, ndizo zinazobadilisha usafi wa nyumba, nazo ndizo ambazo miradi mingi huziachia "mwananchi mwenyewe".

Wapo watakaonijibu kwamba wazee wetu hawakuwa na mabomba wala semina na waliishi. Mji huu una haki kuliko miji mingi ya kulijibu hilo, kwa kuwa ulikuwa njia panda ya magonjwa kabla haujawa njia panda ya reli. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 1857 waliikuta Unyanyembe tayari ni kituo kikuu cha misafara, watu wakitoka Bagamoyo, wakipumzika hapa, kisha wakigawanyika, hawa kwenda Ujiji, wale kwenda Karagwe na Buganda. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, kwa miezi, kwa miguu. Mtu mwenye mzigo huo begani hawezi kubeba na maji ya kunawa. Mamia walipiga kambi penye kisima kimoja au bwawa moja, wakanywa humo, wakajisaidia karibu na hapo, asubuhi wakaondoka, na jioni wakafika wengine. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, alichapisha London mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, akiufuata ugonjwa kituo kwa kituo katika njia za misafara na za majahazi. Robert Koch alikuja kuonyesha kimelea cha kipindupindu miaka minane hivi baadaye. Christie hakumjua mdudu, lakini aliijua njia aliyopitia.

Na funza je? Hawa wadudu wa miguuni ambao tunadhani wamekuwa nasi tangu dunia iumbwe hawakuwepo Afrika ya Mashariki Burton alipopita hapa. Waliletwa na meli kutoka Brazil hadi pwani ya Angola mwaka 1872, wakavuka bara zima ndani ya miguu ya watu, na kabla ya karne kwisha walikuwa wamefika pwani ya Bahari ya Hindi. Njia za misafara ziliwapitisha kama zilivyopitisha pembe za ndovu na shanga. Hata msomi hakusalimika na njia hiyo: Livingstone, ambaye alikuwa daktari, alikaa Kwihara, hapo nje kidogo ya mji, kwa miezi mwaka 1872, na mwaka uliofuata alifariki akiwa amedhoofishwa na kuhara damu. Sikumbuki haya kwa ajili ya kuwalaumu wapagazi. Nayakumbuka kwa sababu hakuna anayeweza kusema kwamba wapagazi waliugua kwa ujinga kuliko wafanyabiashara wa pwani, au kuliko Wazungu walioandamana nao. Waliugua kwa sababu ya namna walivyolazimika kuishi njiani. Anayesema wazee wetu waliishi anawahesabu waliofika tu, na njia ya Bagamoyo ina wengi ambao hawakufika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ndipo ninapotaka kuutetea ukweli ule nilioutaja mwanzoni. Mtu anaweza kuniambia: lakini elimu imewahi kufanya kazi, tena katika nchi hii, tena wakati nchi ilikuwa maskini kuliko leo. Ni kweli. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza, kisha watu takribani milioni mbili wakakutana kila wiki, kwa wiki 12, kikundi kimoja kimoja kuizunguka redio na vitabu vilivyoandikwa kwa herufi kubwa na Kiswahili chepesi. Mazungumzo yalihusu malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, vichaka vikafyekwa kuzunguka nyumba. Sijui kampeni nyingine ya afya katika bara hili, kwa wakati ule, iliyowapa wanakijiji heshima kubwa kiasi hicho ya kufikiri pamoja. Mpaka leo jina lake linatajwa, na mwaka 2024 Wizara ya Afya iliifufua.

Lakini tuitazame kwa makini, tuone nini hasa kilichofanya kazi. Kwanza, kikundi hakikuishia kusikiliza. Kilisikiliza kipindi, kikasoma, kikajadili hali ya kijiji chake, kikakubaliana jambo moja la kutenda, na wiki iliyofuata kikaulizana kama limetendwa. Pili, na hili ndilo linalonihusu zaidi leo, mambo mengi ambayo kampeni iliyaomba yaligharimu nguvu na jembe, vitu ambavyo mkulima alikuwa navyo. Kuchimba choo cha shimo hakuhitaji maji. Kufyeka kichaka hakuhitaji sabuni. Bei ya somo ililingana na mfuko wa mwanafunzi. Tatu, serikali yenyewe ilikuwa imejifunga upande wake: mwaka 1971 ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400 kufikia mwaka 1991. Lengo lile halikufikiwa, na Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ililazimika kulirudia: mita 400 vijijini, kituo kimoja kwa watu 250. Hata hivyo mwananchi wa 1973 aliyeambiwa achimbe choo alijua kwamba kuna ahadi upande wa pili. Siku hizi tunaukumbuka upande wa redio na kuusahau upande wa maji.

Tafiti za karibuni zinaeleza kinachotokea elimu inapokwenda peke yake. Katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam watafiti walizitembelea kaya zaidi ya 300, na mwaka 2011 wakatoa matokeo. Baadhi ya kaya zilipewa mafunzo ya kawaida ya maji na mikono. Nyingine ziliongezewa kitu ambacho ungedhani kingemshtua mtu yeyote: majibu ya maabara ya maji ya mtungi wao wenyewe na ya mikono yao wenyewe. Majibu hayo hayakuleta badiliko kubwa kuliko mafunzo ya kawaida. Utafiti mwingine mkubwa, uliochapishwa mwaka 2017, ulizilinganisha kata 181 za wilaya 10 za Tanzania zilizopata kampeni ya vyoo, ya kunawa mikono, zote mbili au hakuna. Kampeni ya vyoo iliupunguza uchafuzi wa kujisaidia porini kwa karibu nusu, na hilo ni jambo la kujivunia. Ya kunawa mikono ilisogeza mambo kidogo sana. Choo unakichimba mara moja. Kunawa kunadai maji kila siku, asubuhi na jioni, masika na kiangazi.

Kisha kuna utafiti wa Kakamega, Bungoma na Vihiga, magharibi mwa Kenya, uliowafuata wanawake wajawazito zaidi ya 8,000 na watoto wao, matokeo yakatoka mwaka 2018. Kaya zilipewa klorini ya maji, vyoo bora, vifaa vya kunawia, na wahamasishaji waliozitembelea. Kuhara kwa watoto hakukupungua. Utafiti pacha uliofanyika Bangladesh kwa mpango ule ule ulikuta kuhara kumepungua kwa takribani theluthi. Wapo waliokimbilia kusema kwamba kumbe usafi hauna maana. Mimi nasoma tofauti. Bangladesh familia nyingi zilikuwa na pampu ya mkono karibu kabisa na nyumba, na mhamasishaji alipita karibu mara sita kwa mwezi. Kenya maji yalikuwa safari, na mhamasishaji alipita mara moja kwa mwezi, na mazoea yaliyoanza kwa nguvu mwaka wa kwanza yalilegea mwaka wa pili. Unawaji wenyewe haubishaniwi: mapitio ya tafiti nyingi yanaonyesha kwamba pale watu wanaponawa kweli, kuhara hupungua kwa takribani theluthi moja. Na sabuni haibishaniwi. Jaribio dogo la London la mwaka 2011 lilikuta bakteria wa kinyesi kwenye asilimia 44 ya mikono isiyonawa, asilimia 23 ya iliyonawa kwa maji matupu, na asilimia 8 ya iliyonawa kwa sabuni. Birika letu la kumnawisha mgeni kabla ya kula, desturi nzuri mno, linatufikisha nusu ya njia.

Sasa atasimama mtu aseme: yote hayo ni ya zamani, maana maji ya Ziwa Viktoria yamefika. Yamefika kweli. Mradi uliozinduliwa Tabora Januari 2021, kwa mkopo wa India wa dola milioni 268, umeyatoa maji Ihelele, wilayani Misungwi, ukayapitisha Igunga na Nzega hadi mjini hapa, mji ambao kwa miaka ulikuwa ukilitegemea Bwawa la Igombe. Ni kazi kubwa, na aliyeishi Tabora ya mwezi wa kumi, wakati jua limekausha kila kisima na ndoo ya maji inazungushwa kwa baiskeli mtaa kwa mtaa, hahitaji kuelezwa ukubwa wake. Lakini bomba kuu likifika mjini halijafika uani. Kati ya hapo pana fomu, mita, futi za bomba la plastiki, fundi na ada. Mpangaji wa chumba kimoja haiwezi fomu hiyo kwa sababu nyumba si yake. Kwa hiyo anabaki mteja wa kioski au wa jirani, na hapo hesabu inamgeuka. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Jirani akiuza ndoo kwa shilingi 50, mpangaji ananunua uniti kwa shilingi 2,500. Akiuza kwa 100, uniti imekuwa 5,000. Mwenye mita analipia maji yale yale kwa bei ya mamlaka ya maji. Aliye na kidogo ndiye anayeyanunua kwa bei ya juu, na ndiye tunayemfuata na bango.

Na wakati bomba linakawia, kisima cha uani kinaendelea na kazi. Viwanja vya mjini ni vidogo. Choo cha shimo kiko kona hii, kisima kifupi kiko kona ile, na cha jirani kiko nyuma ya ukuta. Wataalamu hupendekeza umbali wa mita 30 au zaidi kati ya viwili hivyo, choo kikiwa upande wa chini wa mteremko. Katika kiwanja chenye upana wa mita 15 ushauri huo hautekelezeki kwa nia njema ya mtu yeyote. Hapo unatakiwa mpango wa mitaa: nani achimbe wapi, kisima kipi kifungwe kwa kunywa na kiachwe kwa kufulia, gari la kunyonya vyoo lipite njia ipi. Mtu mmoja mmoja akihamasishwa usiku na mchana hawezi kuihamisha nyumba ya jirani.

Kuna pingamizi ambalo husemwa kwa sauti ya chini, nami naona tuliseme wazi. Husemwa kwamba umaskini umekuwa kisingizio. Mtu huyo huyo ana pesa ya vocha na ya kibanda cha pombe, sasa kipande cha sabuni kimshinde vipi? Wapo kweli wa namna hiyo, katika kila tabaka, na sitawatetea. Lakini tuifuate sabuni nyumbani tuone inavyoishi. Mche unanunuliwa, unakatwa vipande. Kipande kinafulia, kinaoshea vyombo, kinaogea. Ukikiacha kwenye ukuta wa choo kinaliwa na panya, kinanyeshewa, au kinachukuliwa na mpangaji wa chumba cha tatu, kesho hakipo. Kwa hiyo kinawekwa ndani, na aliyetoka chooni gizani hatafungua mlango wa chumba chenye watoto waliolala ili akitafute. Hapo hakuna aliyekosa akili wala adabu. Kuna kitu kilichokosa mahali pake.

Na mahali hapo panaweza kutengenezwa, tena kwa bei ambayo mwalimu anaweza kuitaja bila aibu. Kibuyu chirizi mnakijua: dumu la lita tano linaloning'inizwa kwa kamba kwenye mti uliolazwa, tundu dogo limetobolewa kwa msumari uliopashwa moto chini kidogo ya mdomo, kamba nyingine ikashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika kama uzi, na mkono haugusi chochote. Pembeni inaning'inia chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyotiwa kijiko cha sabuni ya unga, kifuniko kikatobolewa. Panya hawali maji ya sabuni, na mpangaji wa chumba cha tatu hana sababu ya kuyaiba. Uzi ule wa maji hutumia kama glasi moja ndogo badala ya nusu lita. Turudi kwenye hesabu yetu: unawaji wa mara 30 uliotaka lita 15 sasa unataka lita tano au sita. Somo ni lile lile, ila bei imeshuka hadi theluthi. Hapa ndipo ninapoitetea elimu kwa moyo wote, elimu inayopunguza gharama ya jambo inalolidai. Vivyo hivyo mtungi wenye mdomo mwembamba, au ndoo yenye koki, huzuia mkono na kata visizamishwe katika maji ya kunywa, bila mtu kukumbushwa kila mara. Ndoo za koki zilijaa milangoni pa maduka yetu mwaka 2020, wakati wa UVIKO. Nyingi zilipotea kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuzijaza.

Hilo la nani anajaza ndilo linalonileta kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Serikali ilipanga mwaka 2024 kuwa nao zaidi ya 137,000 nchi nzima. Nimesema kwamba Bangladesh mtu alipita mara sita kwa mwezi. Anayepita mara sita kwa mwezi ni mfanyakazi, na mfanyakazi hulipwa. Tukimwita wa kujitolea mwaka hadi mwaka, atapita wiki ya kampeni na wiki ya wageni, kisha atarudi shambani kwake kwa haki kabisa. Kuhusu faini, sikubaliani na wale wanaozikataa zote. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya uwezo wa kukagua na kuchukua hatua, na bwana afya mwenye daftari amekuwa akitisha watu tangu enzi za mkoloni. Ninachoomba ni kwamba daftari hilo libadilishe mlango linaobisha. Mpangaji asitozwe kwa choo ambacho hakukijenga. Mwenye nyumba anayekusanya kodi za vyumba nane kwa choo kimoja kilichojaa, huyo atozwe, na atozwe mpaka achimbe. Shule nazo zina kipimo chao: tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Mzazi wa Isevya ana haki ya kuingia shuleni, akahesabu matundu, akahesabu watoto, akauliza kama kuna maji ndani ya choo cha wasichana.

Mwisho niseme neno moja kuhusu daftari la kata. Taarifa za uhamasishaji zinazopelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata huwa na safu ya idadi ya kaya zilizoelimishwa, na safu hiyo hujaa haraka, kwa kuwa kuelimisha kunategemea sisi tuliosimama mbele. Naomba mkutano wa mtaa udai safu nyingine mbili kando yake: dakika ambazo kaya hiyo hutumia kwenda bombani na kurudi, foleni ikiwamo, na shilingi inazotoa kwa ndoo. Safu hizo zikijazwa, diwani na mamlaka ya maji wataona kwa macho yao mahali bomba linapopaswa kusogezwa hizo mita za mwisho, na mhudumu wa afya atajua kaya ipi aionyeshe kibuyu chirizi kwanza. Kuzijaza hakuhitaji mfadhili wala semina. Kunahitaji mtu mmoja kwa kila mtaa, mwenye saa mkononi, amfuate mama mmoja na dumu lake asubuhi moja ya mwezi wa kumi.